Ndege Iliyosimama

Msomaji, yamkini umepata kusimama karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Embakasi, au ule wa Moi huko Mombasa, ukatazama ndege kubwa ikipaa. Huanza polepole, kama mzee anayeinuka kitini. Kisha ngurumo ya injini huzidi, mwendo hukua, na kabla hujamaliza kumwonyesha mwenzako kwa kidole, magurudumu yamekwisha kuiaga ardhi. Mtazamaji hudhani kwamba jambo hili ni moja lisilokatika, yaani ndege ikianza kukimbia ni lazima iruke. Sivyo. Ndani ya sekunde zile chache mna mpaka usioonekana kwa macho. Upande huu wa mpaka rubani ana ruhusa ya kughairi, na upande wa pili hana.

Nataka tuutazame mpaka huo pamoja kwa njia ya kisa cha kweli. Kilitokea Uingereza, katika uwanja wa mji wa Manchester, siku ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti, 1985. Nimekichagua kwa sababu moja. Katika visa vingi vya ajali hutafutwa mtu aliyekosea, naye aghalabu huonekana upesi, akabebeshwa lawama, na wasomaji wakalala usingizi. Katika kisa hiki rubani alighairi upande ulio halali wa mpaka. Ndege ikasimama juu ya magurudumu yake, haikupinduka wala haikutoka katika njia yake. Hata hivyo watu 55 walikufa. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje, nami nakuomba ujiulize vilevile.

Kwanza yatupasa kuufahamu mpaka wenyewe. Kabla ya safari marubani hupiga hesabu. Huzingatia uzito wa ndege pamoja na abiria, mizigo na mafuta yake, urefu wa njia ya kurukia, joto la hewa, upepo, na mwinuko wa uwanja juu ya bahari. Hesabu hiyo huwapa kiasi fulani cha mwendo, ambacho katika maandishi yao hutiwa alama ya V1. Injini ikiharibika kabla ya mwendo huo kufikiwa, njia iliyosalia yatosha kuisimamisha ndege, basi rubani husimama. Ikiharibika baada yake, njia haitoshi tena. Hapo ni lazima apae kwa injini iliyobaki, azunguke, kisha arudi kutua, na ndege za abiria zimeundwa ziliweze jambo hilo. Tafadhali zingatia kwamba uamuzi huu hautungwi wakati wa msukosuko. Umekwisha kufanywa kwa utulivu, kabla ndege haijaanza kukimbia, kwa kuwa mtu aliyeshtuka hana hesabu.

Sisi tunaokaa nyanda za juu tuna haki ya kulifahamu jambo hili kuliko wengi. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, na ule wa Addis Ababa uko juu zaidi, mita 2,300 hivi. Huko hewa ni nyepesi. Injini hupungukiwa na nguvu, mabawa hupungukiwa na kitu cha kuegemea, na ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Waingereza walipounda ndege iliyoitwa VC10, yenye injini 4 karibu na mkia, walikuwa na viwanja vya namna hiyo akilini, na shirika letu la zamani la East African Airways, lililokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, lilinunua kadhaa. Tarehe 18 Aprili, 1972, mojawapo, ikitoka Nairobi kwenda London kwa kupitia Addis Ababa na Roma, ilikuwa ikikimbia ili ipae kutoka Addis Ababa. Gurudumu lake la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichoangushwa njiani na ndege ndogo, tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama. Lakini sehemu ya mtambo wa breki ilikuwa imefungwa visivyo ilipotengenezwa, na breki hazikutoa nguvu yake yote. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka kwenye mteremko, ikashika moto. Walikuwamo watu 107. Waliokufa ni 43. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na leo ni wachache wanaokikumbuka kisa hicho, ingawa waliokufa walikuwa abiria na watumishi wa ndege yetu wenyewe.

Nimekitaja ili uone kwamba kusimama kwenyewe kwaweza kushindikana. Sasa turudi Manchester, ambako kusimama hakukushindikana.

Ndege ile ilikuwa Boeing 737 ya shirika la British Airtours, lililokuwa chini ya British Airways. Ndani mlikuwa na abiria 131 na watumishi 6, yaani marubani wawili na wahudumu wanne. Ilikuwa ikielekea kisiwa cha Corfu, katika Ugiriki, mahali ambapo Waingereza hupenda kwenda kuota jua wakati wa likizo. Siku iliyotangulia, injini ya kushoto ilikuwa imelalamikiwa kwamba yachelewa kushika kasi. Mafundi waliishughulikia, na marubani wa asubuhi ile walilizungumza jambo hilo kabla ya kuondoka. Halikuwa jambo la kuwanyima watu safari. Injini zina tabia zake, na kila rubani mzoefu amekutana na injini nzito.

Saa 1 na dakika 12 asubuhi ndege ikaanza kukimbia, rubani msaidizi akiwa ndiye mwenye kuiendesha, na nahodha akimwangalia. Sekunde 36 zikapita. Mwendo ulikuwa kama kilomita 230 kwa saa, nao ulikuwa bado chini ya ule mpaka tuliousema. Ghafula kikasikika kishindo. Nahodha hakuwa na taa yoyote iliyowaka mbele yake wala kengele iliyolia. Alichokuwa nacho ni mlio ule tu, naye akadhani kwamba tairi limepasuka, au wamegonga ndege, nami hapa nasema ndege mwenye manyoya, kwa maana lugha yetu imeviita viumbe hivi viwili kwa jina moja. Hakungoja kujua. Akaamuru safari ikatizwe mara ile, injini zikageuzwa kusukuma kinyume, na mwendo ukaanza kupungua. Kwa kuwa alifikiri ni tairi, na kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ndefu, alimwonya mwenzake asizikanyage breki kwa nguvu. Ukiyatazama maneno hayo kwa yale aliyoyajua wakati ule, yalikuwa maneno ya busara.

Kengele ya moto ililia sekunde 9 baada ya kishindo. Katika mnara wa kuongozea ndege walikuwa wamekwisha kuuona moto, wakawathibitishia marubani kwa redio kwamba moto upo. Nahodha akawatangazia wahudumu wawatoe watu kwa upande wa kulia, kwa kuwa moto ulikuwa kushoto. Kisha ndege ikapinda kulia, ikaiacha njia kuu, ikasimama katika mlango wa njia ndogo ya pembeni. Wazimamoto wa uwanja walikuwa wamekwisha kuanza mbio. Mtu aliyekuwa mbali angeweza kusema kwamba hatari imekwisha.

Hebu sasa tuingie ndani ya injini ile. Injini ya aina hiyo ilikuwa na vyumba 9 vya kuchomea mafuta, vilivyopangwa kwa duara, kila kimoja kama kopo refu la bati ngumu. Kopo la tisa lilikuwa limepata kufanya nyufa, likatengenezwa mwaka 1983 kwa kulehemu, likarudishwa kazini. Wahenga wetu husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulizibwa. Lakini kuziba nako kuna namna zake, na chuma kilichounguzwa kila siku na moto mkali hakisahau mahali kilipowahi kupasuka. Asubuhi ile kopo lilikatika mzunguko mzima. Ganda la injini likapasuka, na kipande cha kopo kikarushwa nje kwa nguvu kama jiwe litokalo katika kombeo.

Kipande kile kingeweza kwenda popote, kikaanguka majanini, nasi tusingekuwa na la kusimulia. Kiligonga chini ya bawa, mahali penye kifuniko cha tangi la mafuta. Kila tangi lina vifuniko vya namna hiyo, ili fundi apate kupenyeza mkono wake ndani. Kifuniko kilikuwa dhaifu kuliko bawa lililokizunguka. Kikavunjika, mafuta yakamwagika juu ya injini iliyokuwa ikitema moto. Tangu sekunde ile ndege ilikuwa ikikimbia na mkia wa moto nyuma ya bawa lake la kushoto. Marubani hawakuweza kuuona kutoka vitini mwao. Abiria wa upande wa kushoto waliuona, wakaanza kuinuka vitini na kupiga kelele, na wengine wakawaambia wakae.

Sasa fikiria upepo. Asubuhi ile ulikuwa mdogo mno, kilomita 13 kwa saa, upepo ambao ungeweza kutikisa nguo kambani na usiweze kuzing'oa. Ndege ilipokuwa ikienda moja kwa moja, upepo ulitoka karibu mbele yake, na moto ukalala nyuma, mbali na abiria. Ndege ilipopinda kulia, upepo uleule ukawa watoka ubavuni, upande wa kushoto, ukauegemeza moto juu ya mwili wa ndege sehemu ya nyuma. Ngozi ya ndege ni bati jembamba la aluminiamu. Halikustahimili. Ndege ilipokuwa ikikaribia kusimama, mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa umefunguliwa, kwa nia njema ya kuwaokoa watu, na kwa mlango huo moshi ukapata njia ya kuingia. Hakuna aliyetoka salama kwa mlango ule.

Wapo waliosema baadaye kwamba nahodha asingepinda. Mimi nimelifikiri neno hilo, nami siwezi kumlaumu. Kwa miaka mingi marubani walikuwa wamezoezwa kuiacha wazi njia kuu, ili ndege nyingine zisizuiwe, na mtu anayedhani kwamba amepasuka tairi hafikirii upepo wa kilomita 13. Leo marubani hufundishwa kwamba penye shaka ya moto wasimame palepale, na kwamba waukumbuke upepo hata ukiwa mdogo. Somo hilo lilitoka Manchester. Aliyelitoa hakuwa nalo wakati alipolihitaji.

Tumefika katika sehemu ya kisa iliyo nzito kuisimulia, lakini ndiyo iliyobadili mambo mengi. Ndani ya ndege abiria walikuwa na njia tatu tu za kweli: milango miwili ya mbele, na dirisha la dharura juu ya bawa la kulia. Mkuu wa wahudumu aliuendea mlango wa mbele wa kulia. Ukakwama, kwa sababu kifuniko cha mtelezo wa mpira, ule ujazwao hewa ili watu wateleze hadi chini, kilizuia mlango usifunguke. Hakupoteza wakati kuvutana nao. Aliuacha, akaufungua wa kushoto, na watu wakaanza kutoka. Kisha akaurudia ule wa kulia, akafaulu kuukwamua, lakini dakika moja na zaidi ilikuwa imepita tangu ndege kusimama. Usiidharau dakika moja. Jaribu kuizuia pumzi yako kwa muda huo, hapo ulipo.

Kuifikia milango ya mbele kulikuwa na shida yake. Kati ya viti na milango vilisimama viambaza viwili, kimoja kila upande, na nafasi kati yake ilikuwa sentimita 57. Chukua rula yako ya shule uipime nafasi hiyo mezani. Yamtosha mtu mmoja anayetembea taratibu na mkoba wake. Watu wawili waliofukuzwa na moshi hawapiti pamoja. Hukwamana mabega, na walio nyuma yao husukuma, na kadiri wanavyosukuma ndivyo waliokwama wanavyozidi kukwama. Mhudumu mmoja wa mbele alisimama hapo akawavuta kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Wahudumu wawili wa mbele walipona. Wale wawili wa nyuma walikufa pamoja na abiria wao.

Dirisha la dharura nalo halikuwa na mhudumu. Lilimtegemea abiria aliyeketi karibu nalo, mtu ambaye pengine hakuwahi kuligusa maishani mwake. Bibi aliyekuwa hapo alijitahidi, likafunguka, lakini kifuniko chake kilikuwa na uzito wa kilo 22 hivi, na namna yake ni kuangukia ndani. Kilimwangukia yeye, kikambana kitini, mpaka mwenzake alipokiinua. Hapo tena nafasi ilikuwa finyu, kwa kuwa viti vilikaribiana, na ilibidi watu kupanda juu yake kulifikia dirisha. Wengine waliokolewa na tundu lile. Wengine walikutwa karibu nalo.

Walio wengi kati ya waliokufa hawakuuawa na miali ya moto. Waliuawa na moshi. Viti, dari na kuta za ndani zilikuwa za vitu ambavyo vikiungua hutoa hewa yenye sumu, na mtu akiivuta mara chache tu, miguu humwisha nguvu na akili humpotea, kabla moto wenyewe haujamfikia. Baadhi yao walikuwa wameinuka, wamekwisha kushika ujia, na wanaelekea mlangoni.

Wazimamoto walifika mara baada ya ndege kusimama, wakaanza kazi. Dakika 5 na nusu baadaye, mmoja wao aliona mkono ukitikisika katika dirisha la dharura, juu ya mwili wa mtu aliyekwama hapo. Akapanda juu ya bawa akavuta, akamtoa mtoto wa kiume akiwa hai. Baada ya nusu saa na zaidi walimkuta ndani mtu mwingine ambaye bado alikuwa na pumzi, naye alikufa hospitalini siku 6 baadaye. Jumla ya waliokufa ikawa abiria 53 na wahudumu 2. Waliopona walikuwa 82.

Serikali ya Uingereza ina idara ya kuchunguza ajali za ndege, na ripoti ya wachunguzi wake iliandikwa mwaka 1988, miaka mitatu baada ya ajali. Kuisoma ni kama kumtazama fundi wa saa akifungua kila parafujo. Wachunguzi hawakuridhika kusema kwamba injini ilipasuka. Waliuliza kwa nini kipande cha injini kiliweza kutoboa tangi, kwa nini moto wa nje uliweza kupenya upesi namna ile, kwa nini hapakuwa na chombo cha kuuzima moto mkubwa uliokwisha kuingia ndani, na kwa nini watu walio hai, wenye miguu mizima, katika ndege iliyosimama, hawakuweza kutoka. Majibu waliyoyapata yote yalikuwa mambo madogo yaliyoamuliwa zamani na watu ambao hawakuwako Manchester asubuhi ile. Kuna aliyeidhinisha namna ya kulehemu kopo. Mwingine alichora kifuniko cha tangi, na wa tatu akapanga viti na viambaza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyevunja sheria kwa kukusudia kuua, na ndege yenyewe ilikuwa imepita majaribio yote yaliyotakiwa.

Jaribio mojawapo lastahili kuelezwa. Sheria hutaka kwamba ndege ikijaa, watu wote waweze kutoka katika muda wa sekunde 90, tena kwa nusu ya milango tu. Hujaribiwa kwa watu wenye afya walioitwa kwa hiari yao, katika ndege isiyo na moshi. Watu hao hufuatana kwa adabu kama wanafunzi waendao bwaloni chini ya macho ya mwalimu. Baada ya Manchester, mwanasaikolojia wa Kiingereza aitwaye Helen Muir, wa chuo cha Cranfield, aliona kwamba jaribio la namna hiyo halimwonyeshi mtu alivyo. Hakuweza kuwachoma watu moto, wala hakuweza kuwatia hofu ya mauti. Alitumia kitu kingine. Aliwaingiza watu katika mwili wa ndege ya zamani, kisha akawaahidi kwamba nusu watakaotangulia kutoka watapata pauni 5 za ziada kila mmoja.

Pauni 5 si mali. Lakini watu wale wazima wenye heshima zao walirukia viti, wakakanyagana, wakakwamana milangoni, sawasawa na yale yaliyosimuliwa na waliopona Manchester. Sasa upana wa nafasi kati ya viambaza uliweza kupimwa kwa haki. Ilionekana kwamba chini ya sentimita 76 hivi watu hukwamana, na kwamba ikipanuliwa kufikia hapo hupita. Viti vya karibu na dirisha la dharura navyo vilisogezwa. Ukipanda ndege siku moja, utaona kwamba abiria wa mstari ule ana nafasi kubwa ya kunyoosha miguu, naye pengine hulipia fedha zaidi kwa raha hiyo. Nafasi ile haikuwekwa kwa ajili ya raha.

Mambo mengine yalikuja katika miaka ileile, mengine yakiwa yameanza kujadiliwa kabla ya ajali. Taa ziliwekwa sakafuni ili mtu anayetambaa chini ya moshi aione njia. Viti vilivikwa kitambaa kinachouchelewesha moto, na kuta za ndani zikatengenezwa kwa vitu visivyoungua upesi. Si kila shauri lilikubaliwa. Wachunguzi walipendekeza abiria wapewe kofia za kuwakinga na moshi, na wakuu wa usafiri wa anga wakakataa, wakihofu kwamba watu wangepoteza sekunde za thamani wakizivaa. Huenda walikuwa na haki. Waliopotewa na jamaa zao hawakulikubali jibu hilo kwa urahisi, na mimi sidhani kwamba ningelikubali.

Miaka 30 ikapita. Tarehe 8 Septemba, 2015, Boeing 777 ya British Airways ilikuwa ikikimbia ili ipae kutoka Las Vegas, Marekani, kwenda London. Injini yake ya kushoto ikapasuka, moto ukashika. Rubani akasimama njiani. Ndani walikuwamo watu 170, wakatoka wote 170.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba, 2016, Boeing 767 ya American Airlines ilikuwa ikiondoka Chicago kwenda Miami. Ndani ya injini ya kulia kulikuwa na gurudumu zito la madini lenye dosari iliyojificha tangu siku lilipotengenezwa, dosari ambayo ukaguzi wa wakati ule haukuweza kuiona. Gurudumu lilivunjika ndege ikiwa katika mwendo mkubwa, karibu sawa na ule wa Manchester. Kipande chake kilipenya katika bawa, kikaruka hadi ghala la mizigo lililokuwa mbali mita 900 hivi, kikatoboa paa na kutua ndani. Mafuta yakamwagika, bawa lote la kulia likawaka. Rubani akasimama palepale katika njia kuu, wala hakupinda. Wahudumu walitazama madirishani kwanza wajue moto uko wapi, kisha wakafungua milango ya upande wa pili. Injini ya kushoto ilikuwa bado ikizunguka, na upepo wake ukamwangusha abiria mmoja akaumia vibaya. Wengine waliteleza chini, tena baadhi yao wakiwa na mikoba waliyokatazwa kuichukua. Walikuwa nao 170 kwa jumla, abiria 161 na watumishi 9. Walisimama mbali na ndege, wakaitazama ikiungua, na walipohesabiwa hakukosekana hata mmoja.